Tairi Kwanza, Urefu Baadaye: Mazungumzo na madereva na wenye pikapu, Bukavu

Wazee wetu, akina mama mnaosafirisha mizigo, ndugu madereva, na nyinyi vijana mafundi mliofunga gereji mapema ili mfike hapa, nawasalimu nyote. Nawashukuru walionialika nizungumze juu ya kazi ambayo nimeifanya kwa mikono yangu kwa zaidi ya miaka 20, kazi ya kuinua pikapu na kuzivisha matairi makubwa.

Wiki haipiti bila mtu kuniletea gari na kuniambia, "Fundi, niinulie hii gari sentimita 10." Nikimuuliza urefu huo anautafutia nini, ananionyesha barabara. Sina la kubisha, kwa maana kila mmoja wetu anajua mvua inavyoichimba njia ya kupanda Kadutu, na anajua hali ya njia za vijijini mara lami inapoisha. Ninachobisha ni mpangilio wa kazi. Watu wengi huchagua urefu kwanza, kisha tairi la kujaza pengo lililopatikana, na mzigo hawaufikirii kabisa mpaka gari lipakiwe. Nimekuja kuwaomba mgeuze mpangilio huo: mzigo uhesabiwe kwanza, tairi lichaguliwe kwa njia mnayopita, na gari liinuliwe kwa kiasi kile tu ambacho tairi hilo na mzigo huo vinadai.

Chuchumaeni nyuma ya Hilux au Land Cruiser 79, mtazame chini. Kilicho karibu zaidi na ardhi ni ile tufe ya chuma katikati ya ekseli, yaani diferansieli. Ekseli imebebwa na magurudumu, na springi, ambazo wengi wetu hapa tunaziita resori, zimekaa kati ya ekseli na chasisi. Ukiweka resori ndefu zaidi, ukaongeza vipande vya chuma, ukaipandisha bodi hata nusu mita, tufe ile itabaki palepale ilipokuwa, kwa sababu kati yake na ardhi hukubadilisha chochote. Hapo kati kuna tairi tu. Jiwe lililoigonga jana litaigonga na kesho, ingawa gari sasa linaonekana refu kiasi cha mtoto kupita chini yake.

Sisemi kwamba kuinua hakuna faida. Kunaipandisha chasisi, tangi la mafuta na kata ya oili ya injini. Kunaliwezesha gari kuingia na kutoka mtaroni bila bampa kulima udongo. Na, jambo kubwa kuliko yote, kunalipa tairi kubwa nafasi ya kuzunguka bila kusugua madigadi. Lakini mtu anayelia kwamba diferansieli inagonga, dawa yake iko kwenye tairi, na inafaa ajue dawa hiyo ina ukubwa gani.

Chukueni tairi lililoandikwa 265/70R16, ambalo liko kwenye pikapu nyingi. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 70 ya 265 ni milimita 185 na nusu. Zihesabu mara mbili, juu na chini, uongeze rimu ya inchi 16 ambayo ni milimita 406, upate tairi lenye kimo cha milimita 777. Tairi la 285/75R16, ambalo vijana wanalipenda sana, kwa hesabu hiyohiyo lina milimita 834. Tofauti ni milimita 57. Lakini ekseli imekaa katikati ya gurudumu, kwa hiyo inapanda nusu tu ya tofauti hiyo, yaani milimita 28, ambazo ni kama unene wa vidole viwili. Vidole viwili si haba mahali penye mawe, na mara nyingi ndivyo vinavyoamua kama utapita au utaita watu waje kusukuma. Hata hivyo, ni vizuri mtu ajue kabla ya kutoa pesa kwamba ananunua vidole viwili.

Kuna tairi la tatu ambalo mimi nalipenda zaidi kwa njia zetu, nalo ni 235/85R16. Kimo chake ni milimita 806, katikati ya yale mawili, lakini ni jembamba. Wengi hulidharau kwa sababu halijazi madigadi wala halipendezi kwenye picha. Tazameni, basi, magari ya kazi yaliyodumu kwenye njia za Walungu na Kabare kwa miaka mingi, mengi yakiwa Land Cruiser zenye tairi la zamani la 7.50R16, nalo pia ni refu na jembamba. Udongo wetu wa mlimani ukilowa huwa na tabaka laini linaloteleza juu, na chini yake mara nyingi kuna sehemu ngumu. Tairi jembamba hukata tabaka lile likafika kwenye ugumu, na tairi pana huelea juu yake kama kandambili kwenye sabuni. Upana unafaa mahali ambapo chini hakuna kitu kigumu cha kukanyaga, kama mchangani, na sisi hatuishi mchangani.

Anayekwenda upande wa kaskazini kwa Barabara ya Taifa namba 2, akapita Kavumu, Kalehe na Minova hadi Sake na Goma, hukutana na adui mwingine. Mawe ya volkano ni makali, na katika mitaa ya Goma ambamo lava ya Nyiragongo ilipita mwaka 2002 bado unaendesha juu ya jiwe hilohilo. Jiwe la namna hiyo haliumizi sana sehemu ya tairi inayokanyaga. Linachana ubavu, na ubavu ukichanika hakuna mziba pancha atakayekusaidia. Kwa njia hiyo nawasihi mtafute tairi lenye herufi LT mbele ya namba zake, lililotengenezwa kwa magari ya mizigo, lenye tabaka nyingi ubavuni, hata kama meno yake si ya kutisha. Yale matairi ya matope yenye meno makubwa yana kazi yake kwa watu wa Shabunda na Mwenga, lakini kwenye lami iliyolowa yanashika vibaya kuliko tairi la kawaida, na dereva anayeshinda kati ya Panzi na Nyawera anayalipia gharama bila kupata faida yake.

Wengi wetu tunanunua matairi ya okazioni, yaani yaliyokwisha kutumika, na silaumu, kwani bei za mapya tunazijua. Ila someni ubavu kabla ya kulipa. Karibu na herufi DOT kuna namba nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazima na bado mpira wake umezeeka kwa kukaa bohari. Ukilikunja kidogo ubavuni utaona nyufa nyembamba kama za kisigino kilichokauka. Namba nyingine ya kusoma ni ile ya mzigo: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 120 ni kilo 1,400. Nimeona pikapu inayobeba mihogo kila siku ikiwa na matairi ya gari la familia, mapana na ya kupendeza, yasiyofikia hata mzigo wa yale yaliyoondolewa.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu halionekani gari likiwa limesimama. Tairi la milimita 834 badala ya 777 linatembea asilimia 7 zaidi kwa kila mzunguko. Dashibodi haijui hilo; itakuonyesha kilometa 60 kwa saa ilhali unakwenda 64, na safari ya kilometa 100 utaisomea 93, hata hesabu ya kubadilisha oili inachelewa. Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba injini nayo sasa inasukuma fimbo ndefu zaidi. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 84 ya ule wa pwani ya Muanda. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye lita 4.2 na isiyo na tabo ya kuisukumia hewa, imekwisha kupungukiwa hewa kabla hujaigusa. Ukiitwika na tairi kubwa, kilima ulichokuwa ukikipanda kwa gia ya tatu utakipanda kwa ya pili, moshi ukiwa mweusi nyuma yako na mshale wa joto ukipanda.

Na aliyepanda atashuka. Breki zinakamata katikati ya gurudumu, na tairi linakamata ardhi pembeni. Kadiri tairi linavyokuwa refu ndivyo breki zilezile zinavyohitaji nguvu zaidi kulizuia, na uzito wa tairi lenyewe unaongeza kazi. Tafakarini mteremko wa Ngomo, mnapoiacha Nyangezi kuteremka Kamanyola kwa Barabara ya Taifa namba 5, ukuta upande mmoja na bonde upande wa pili, gari likiwa limejaa. Dereva anayeushuka mteremko ule kwa matairi ya 285 na breki za kiwandani, pedi zikiwa nusu, ameupunguza usalama wake kwa hiari, na abiria wake hawakuulizwa. Kwa hiyo mimi simfungii mtu tairi hilo kabla sijafungua magurudumu manne na kuona pedi, diski na ngoma zikoje. Wengine wameondoka kwangu kwa hasira kwa sababu hiyo, na nimewaacha waende.

Tukishajua tairi, tunaweza kuzungumza juu ya kuinua. Tairi la 235/85R16 kwenye Hilux mara nyingi linaingia kwa kuinua sentimita 3 au 4, na kwenye Land Cruiser 79 linaingia bila kuinua chochote. Tairi la 285/75R16 kwenye Hilux linataka sentimita 5, na bado huenda ukapunguza plastiki nyuma ya gurudumu la mbele. Zaidi ya sentimita 5 sioni sababu kwa gari la kazi.

Hilux za tangu mwaka 2005 mbele hazina ekseli nzima. Kila gurudumu linajitegemea, na nguvu inafika kwa kadani mbili fupi, yaani shafti zinazoyazungusha magurudumu. Ukiinua mbele, kadani hizo zinapinda kwa pembe kali zaidi kila zinapozunguka. Mpaka sentimita 4 au 5 zinavumilia. Ukizidisha, mpira unaofunika kiungo unajikunja hadi unapasuka, grisi inarukia ndani ya rimu, vumbi linaingia, na baada ya muda utasikia mlio wa ta-ta-ta kila unapokata kona. Kwenye magurudumu hayohayo pembe zote zinabadilika, kwa hiyo kupanga magurudumu baada ya kuinua, ile tunayoiita paralelisimu, ni sehemu ya kazi yenyewe. Asiyeifanya atakula matairi mapya upande mmoja, na pesa yote ya tairi itaishia barabarani.

Land Cruiser 79, iliyoanza mwaka 1999, mbele ina ekseli nzima yenye resori za mviringo. Hapo kadani hazina shida, ila ekseli inapoteremka kutoka kwenye chasisi inazunguka kidogo kwa mbele, na ule mlalo wa gurudumu unaolirudisha usukani katikati unapungua. Dereva anahisi gari linatangatanga, akidhani ni upepo au ni tairi. Kuna bushi maalumu za kurekebisha mlalo huo, na ni za kununua pamoja na resori siku ileile.

Nyuma, magari yote hayo yana resori za majani, na ndipo ujanja wa bei rahisi unapofanyika. Mmoja anarefusha jumeli, kile kiungo cha mwisho wa resori, akitegemea kwamba milimita 50 za chuma zitampa milimita 50 za urefu. Atapata 25, kwa sababu upande mmoja tu wa resori ndio uliopanda, na ncha ya diferansieli itakuwa imegeuka isitazamane vizuri na shafti. Mwingine anachukua jani la lori lililovunjika, analikata, analipachika kati ya mengine. Gari linapanda kweli, lakini linakuwa gumu kama benchi, na jani la kigeni linakula wenzake. Njia ya heshima ni kununua resori zilizotengenezwa kwa mzigo unaoujua. Watengenezaji wazuri, kama Old Man Emu wa Australia, hutenganisha resori za gari linalotembea tupu na zile za gari lenye mzigo wa kudumu wa kilo mia kadhaa. Hapa naomba ukweli wa mteja. Ukiniambia kilo 500 kwa ajili ya kujivuna na gari lako likatembea tupu siku tano kwa wiki, magurudumu ya nyuma yatarukaruka kwenye barabara yenye mikunjo kama bati, na tairi lililo hewani halishiki wala halizuii. Na amotisere, yaani shokamzoba, zibadilishwe pamoja na resori, kwa maana za zamani ni fupi: gurudumu likining'inia, amotisere ndiyo inayobeba ekseli nzima, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kuna vile vipande vya plastiki au alumini vinavyowekwa kati ya bodi na chasisi. Vinainua bodi tu, vinavuta shafti ya usukani na mipira ya rejeta, na sivifungi.

Naomba niwaeleze lililonipata mimi mwenyewe. Pikapu yangu ya kwanza niliiinua nyuma kwa sentimita 6, kwa resori nzuri na amotisere nzuri, na nilijisifu. Sikuugusa mpira wa breki unaoshuka kutoka chasisi hadi ekseli ya nyuma, kwa sababu gari likiwa limesimama ulionekana kuwa na ulegevu wa kutosha. Jioni moja nikirudi kutoka mashambani, gurudumu la kushoto liliingia kwenye mtaro uliochimbwa na mvua na la kulia likabaki likining'inia. Nilitoka salama, nikaendelea. Mteremko uliofuata, nilipokanyaga, pedali ilishuka taratibu kama mguu unaozama kwenye tope. Nilirudisha gia ya kwanza, nikavuta breki ya mkono, nikalilaza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, na ndugu yangu aliyekuwa amekaa juu ya magunia akaruka. Niliingia chini na tochi. Mpira haukukatika; ulikuwa umechanika pale unapoingia kwenye chuma, ufa usiozidi urefu wa ukucha, na mafuta ya breki yalikuwa yameosha vumbi kwenye ekseli na kuacha mstari mweusi, mwembamba, unaong'aa. Tangu usiku ule sijaliruhusu gari litoke kwangu kabla sijaliinua kwa jeki hadi magurudumu yaning'inie kabisa, kisha nikaukamata kila mpira kwa vidole kuona kama bado unapinda.

Mafundi, mkiwa hapohapo chini, tazameni kifimbo kinachounganisha ekseli ya nyuma na vali iliyo kwenye chasisi, kwa gari lililo nacho, na Hilux nyingi zinacho. Vali hiyo hupima mzigo kwa umbali kati ya chasisi na ekseli: chasisi ikiwa karibu, inajua gari limejaa na inayapa magurudumu ya nyuma breki zaidi. Mkiinua gari bila kurekebisha kifimbo, vali itaamini gari ni tupu siku zote, na gari lililojaa litazuiwa hasa na magurudumu ya mbele. Madereva wangapi wamelalamika kwamba baada ya kuinua "breki zimekuwa laini", na fundi akabadilisha pedi mara tatu?

Juu ya mzigo, nasema hasa kwa ajili ya akina mama wanaokaa juu ya magunia. Kuinua gari hakuongezi hata kilo moja kwenye uwezo wake. Chasisi ni ileile, ekseli ni ileile, beringi ni zilezile. Kinachoongezeka ni kimo cha kitovu cha uzito. Tuseme magurudumu yamepishana mita 1.5 na uzito umekaa sentimita 70 juu ya ardhi: gari linaanza kupinduka mlalo ukifika nyuzi 47. Upandishe uzito kwa sentimita 8, inabaki nyuzi 44, na hiyo ni gari tupu lililosimama. Lipakie magunia ya makala hadi juu ya kabini, uweke watu kumi juu yake, ulipitishe kona kwa mwendo, na nyuzi zinazobaki ni chache sana. Ndiyo maana mwenye pikapu ya abiria na mizigo akiniomba sentimita 10 namkatalia, na nitaendelea kumkatalia.

Mengine nayataja kwa haraka. Nunueni matairi matano, kwa kuwa spea ndogo upande mmoja wa ekseli inatesa diferansieli, na ukiunganisha magurudumu manne juu ya ardhi kavu huku matairi hayalingani, inateseka na giaboksi ya pili. Hakikisheni tairi hilo la tano linaingia mahali pake chini ya boksi. Msisukume magurudumu nje kwa rimu za kina kifupi, beringi zitalipa. Na nati za U zinazofunga resori zikazwe upya baada ya kilometa 500, maana chuma kipya hukaa.

Nje nimeegesha Hilux iliyokamilika jana, na mwenyewe amekubali tuitumie. Kwanza tutapandisha gurudumu moja la mbele juu ya ubao, tuzungushe usukani mpaka mwisho pande zote mbili, na kila mmoja aingize mkono kati ya tairi na madigadi aone nafasi iliyobaki. Kisha tutachora mstari mnene wa chaki kukata tairi kutoka ukingo hadi ukingo, dereva atakwenda mita 50 kwenye sakafu ile ya saruji na kurudi. Chaki ikifutika katikati peke yake, upepo umezidi; ikifutika pembeni peke yake, upepo umepungua. Nimejaza upepo wa kilo 2 na nusu, na sijaijaribu bado. Mwenye chaki na aitoe, twende.